Je, Bobby Allison aliwahi kuukumbuka ushindi wake wa Daytona wa mwaka 1988?

MwanaKizota aliandika:

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wenzangu. Nina swali ambalo nimeshindwa kulijibu nyumbani, na kwa kuwa nimeona humu wapo wanaofuatilia mbio za magari za nchi mbalimbali, naomba msaada wenu.

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa basi kwa miaka mingi katika njia ya Dodoma kwenda Arusha kupitia Kondoa na Babati, enzi zile barabara ilipokuwa bado ya vumbi na safari moja ikichukua siku nzima. Miaka michache iliyopita alipata ajali akaumia kichwani. Mwenyezi Mungu alimponya. Anatembea, anakula mwenyewe na anatujua sote kwa majina, lakini kipindi cha karibu mwaka mzima kabla ya ajali kimefutika kabisa. Ndani ya kipindi hicho alimwoza binti yake wa kwanza. Picha tunazo, video tunayo, na yeye mwenyewe anaonekana humo akicheza na wageni, ila huitazama kama mtu anayetazama harusi ya jirani.

Huwa ninamsomea habari za mbio za magari jioni tukiwa tumekaa chini ya mwarobaini, kwa sababu mambo ya usukani hayajamtoka. Juzi nilimsomea habari fupi ya Bobby Allison, bingwa wa mbio za NASCAR za Marekani, kwamba alishinda mbio kubwa kuliko zote huku mwanawe wa kumzaa akishika nafasi ya pili, kisha akapata ajali na kuisahau siku ile. Baba mdogo alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Alikuja kukumbuka?" Habari niliyokuwa nayo iliishia hapo, nikakosa la kumwambia.

Ninaomba anayemfahamu dereva huyu anieleze alivyoanza, alivyofika juu, na alivyoishi baada ya ajali. Mdogo wangu anasema aliutwaa ubingwa mara moja tu, hivyo hakuwa dereva wa kutajwa sana. Je, ni kweli?

Mfuatiliaji wa Nkuhungu alijibu:

Mbukwenyi hapo nyumbani, na mfikishie baba mdogo salamu zangu. Nianze na swali lake, maana ndilo analolisubiri. Hapana, hakuukumbuka. Bobby Allison aliishi zaidi ya miaka 36 baada ya ajali ile, na alisema waziwazi kwamba siku ya ushindi wake wa mwaka 1988 haimo kichwani mwake. Aliijua kwa kuitazama kwenye video na kwa kusimuliwa na wengine, kama ambavyo wewe na mimi tunavyoijua.

Sasa nieleze alikotoka. Alizaliwa Miami, katika jimbo la Florida, tarehe 3 Desemba 1937. Mbio za magari katika eneo lile zilikuwa na zawadi ndogo, kwa hiyo mwaka 1959 yeye na mdogo wake Donnie walifunga safari kwenda kutafuta viwanja vyenye fedha nzuri zaidi, wakavipata Alabama. Walihamia mji mdogo wa Hueytown, karibu na Birmingham, pamoja na rafiki yao Red Farmer, na tangu hapo kundi lao likajulikana kama Genge la Alabama. Waliishi maisha yanayofanana na ya wafanyabiashara wetu wa minada: leo wanashusha gari mji huu, kesho wanalipakia kwenda mji mwingine, na fedha ya ushindi ndiyo inayonunua tairi, inayolipa mafuta na inayolisha watoto. Allison hakuwa dereva wa kukabidhiwa funguo tu. Alikuwa fundi wa gari lake mwenyewe, akilala chini yake mchana na kuliendesha usiku.

Ushindi wake wa kwanza katika daraja la juu la NASCAR aliupata mwaka 1966. Mbio hizo hutumia magari ambayo kwa sura hufanana na magari ya kawaida ya barabarani, lakini ndani yameundwa kwa ajili ya mashindano peke yake, na viwanja vyake vingi ni vya mviringo mithili ya yai, ambamo madereva hukata kona za kushoto tu. Mtu anayezijua mbio za rali huenda akadhani kazi hiyo ni rahisi. Uwanja wa Daytona una mzunguko wa kilomita 4, na kona zake zimeinuliwa kama ukuta uliolazwa, nyuzi 31. Mbio za Daytona 500 ni mizunguko 200, yaani kilomita zipatazo 805, na magari hukimbia yakiwa yamebanana kiasi kwamba bampa la mmoja karibu linagusa bampa la mwingine. Mwambie baba mdogo kwamba umbali huo ni sawa na kuondoka Dodoma hadi Dar es Salaam, ukageuza, ukarudi hadi karibu na Kibaigwa, yote kwa muda usiofika saa nne.

Kuhusu hoja ya mdogo wako, ni kweli kwamba ubingwa aliupata mara moja, lakini hesabu hiyo inaficha mengi. Alimaliza msimu katika nafasi ya pili mara tano: mwaka 1970, 1972, 1978, 1981 na 1982. Mwaka 1972 alishinda mbio 10, na bado Richard Petty akachukua ubingwa. Mara mbili za mwisho aliyemtangulia alikuwa Darrell Waltrip, kijana kuliko yeye kwa karibu miaka kumi. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 45, alimshinda huyohuyo Waltrip kwa tofauti ya pointi 47 baada ya msimu mzima. Mimi huyapa uzito mkubwa maneno hayo "nafasi ya pili mara tano", kwa sababu mtu aliyekosa namna hiyo kwa miaka 12 na bado akaendelea kufunga mkanda kila Jumapili ana moyo wa aina yake.

Hasira pia alikuwa nazo. Tarehe 18 Februari 1979, mdogo wake Donnie na Cale Yarborough waligongana katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 walipokuwa wakigombea ushindi, na Richard Petty, aliyekuwa mbali nyuma yao, akapita na kushinda. Bobby alisimamisha gari lake pale walipokwama, na muda mfupi baadaye yeye na Yarborough walikuwa wakipigana kwenye nyasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mbio hizo kuonyeshwa moja kwa moja kwa Marekani nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa ya watu wa mashariki ya nchi walikuwa wamefungiwa majumbani na theluji, kwa hiyo mamilioni waliyaona yote. Wengi huihesabu siku ile kuwa ndiyo iliyoufanya mchezo huo ujulikane nje ya majimbo ya kusini.

Daytona 500 alikuwa ameshaishinda mwaka 1978 na 1982. Ile ya tatu ilikuwa tarehe 14 Februari 1988. Alikuwa na umri wa miaka 50, na hadi leo hakuna aliyeishinda akiwa mzee kuliko hapo. Nyuma yake, kwa umbali wa urefu wa magari mawili na nusu hivi, alikuwa mwanawe Davey, akijaribu kwa nguvu zake zote kumpita baba yake na kushindwa. Kwa hiyo mtu aliyeiona siku ile kwa karibu kuliko binadamu mwingine yeyote ni Davey, kupitia kioo chake cha mbele.

Miezi minne baadaye, tarehe 19 Juni 1988, katika uwanja wa Pocono huko Pennsylvania, gari la Bobby lilipata hitilafu ya tairi katika mzunguko wa kwanza, likayumba, na gari jingine likalikita ubavuni, upande ule ule aliokaa yeye. Aliumia vibaya kichwani na mwilini. Hakushindana tena katika daraja la juu.

Fundi wa Majengo alijibu:

Mfuatiliaji ameeleza vizuri, na mimi nitaongeza machache ya kifundi ambayo baba mdogo, kama dereva, atayaelewa haraka.

Gari linapogongwa kwa mbele, kuna injini, kuna chasisi, kuna nafasi ya bati kukunjamana na kuumeza mshindo kabla haujamfikia dereva. Ubavuni hakuna kitu cha namna hiyo. Kati ya bega la dereva na gari linalokuja kuna mlango, mabomba ya chuma na upana wa viganja vichache. Ndiyo maana ajali ya Pocono, ambayo kwa macho haikuwa ya kutisha kama nyingine, ndiyo iliyomwondoa mtu huyu kwenye usukani.

Ninasema haikuwa ya kutisha kama nyingine kwa sababu mwaka mmoja kabla yake, Mei 1987, aliponea chupuchupu huko Talladega. Magari ya wakati ule yalikuwa yamefikia mwendo wa kupita kiasi. Katika mbio hizo hizo Bill Elliott alikuwa amefuzu kwa maili 212.809 kwa saa, yaani kilomita zipatazo 342. Gari la Allison lilipasukiwa tairi, likageuka kinyumenyume, hewa ikaingia chini yake na kulinyanyua hadi likauchana uzio unaowatenga watazamaji. Baadhi ya watazamaji waliumia, yeye akatoka salama. Davey alikuwa mbele na aliyaona hayo kwenye kioo cha nyuma. Uzio ulipokwisha kutengenezwa mbio zikaendelea, na Davey akazishinda, ukiwa ushindi wake wa kwanza katika daraja lile.

Baada ya tukio hilo NASCAR waliamua kwamba kuanzia mwaka 1988, katika viwanja vya Daytona na Talladega, kila injini ifungwe bamba lenye matundu manne chini ya kabureta. Matundu yale hubana hewa inayoingia, na injini isiyopata hewa ya kutosha haiwezi kuchoma mafuta mengi, kwa hiyo nguvu hupungua na mwendo hushuka. Ushindi wa Februari 1988 ulipatikana kwa injini zilizobanwa hivyo, na chanzo cha kubanwa kwake ni ajali ya mshindi mwenyewe. Kila ninapoifikiria habari ya Allison huwa ninarudi hapo.

Ninaomba pia kuongeza jambo ambalo Mfuatiliaji hakulitaja, nalo ni hesabu ya ushindi wake. Kwa miaka mingi vitabu viliandika 84, sawasawa na Waltrip. Lakini Agosti 1971, katika uwanja mdogo wa Bowman Gray huko North Carolina, Allison alimaliza wa kwanza akiendesha Ford Mustang, gari la daraja dogo lililoruhusiwa kushindana pamoja na magari makubwa siku hiyo, na ushindi ule haukuandikwa kwa mtu yeyote. Oktoba 2024 NASCAR waliutambua rasmi kuwa wake. Akafikisha 85, akabaki peke yake katika nafasi ya nne ya wakati wote, nyuma ya Richard Petty mwenye 200, David Pearson mwenye 105 na Jeff Gordon mwenye 93. Ule wa mwaka 1971 aliujua yeye na kuudai, lakini vitabu viliukataa kwa miaka 53. Ule wa mwaka 1988 vitabu viliujua na dunia nzima iliujua, isipokuwa yeye.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Mbio za magari sizifahamu, lakini nimehudumia watu walioumia kichwani kwa miaka mingi, na ninaona ni wajibu wangu kuchangia upande huo.

Kumbukumbu mpya haikai imara tangu siku ya kwanza. Ubongo huihifadhi polepole, kwa wiki, miezi na hata zaidi, kama saruji inayohitaji kumwagiwa maji hadi ikomae. Mshindo mkubwa ukitokea kabla haijakomaa, mara nyingi kinachoondoka ni cha karibuni, na cha zamani hubaki. Ndiyo sababu baba yenu mdogo anaweza kueleza barabara ya Kondoa ilivyokuwa ya vumbi, kona kwa kona, na asiweze kueleza harusi ya mwanawe. Kwa bwana huyu wa Marekani, kati ya ushindi wake na ajali ilipita miezi minne tu.

Wapo wanaorudishiwa sehemu ya kilichopotea, hasa katika miezi ya mwanzo, na wapo ambao hakirudi, kwa sababu hakikuzikwa mahali ambapo kinaweza kufukuliwa, hakikuwahi kuhifadhiwa. Ninakuomba sana, mwanangu MwanaKizota, uwaambie nyumbani waache kumpima. Maswali ya "huyu ni nani kwenye picha hii?" na "hukumbuki uliposimama pale?" huulizwa kwa upendo, ninajua, lakini kwa mgonjwa ni mtihani ambao anaufeli kila siku mbele ya watu anaowaheshimu. Msimulieni bila kumuuliza. Na maumivu ya kichwa yasiyozoeleka, usingizi kupita kiasi au mabadiliko ya tabia yakitokea, msisubiri, mpelekeni akaonwe na daktari.

Mfuatiliaji wa Nkuhungu alijibu:

Ninamshukuru Muuguzi, na ninamshukuru Fundi kwa kunikumbusha ule wa 85. Nilikuwa bado sijaeleza maisha yake ya baadaye, nayo ni mazito, kwa hiyo MwanaKizota uyapime kabla ya kumsomea mgonjwa.

Alichukua muda mrefu kupona na kujifunza upya mambo ambayo mtu mzima huyafanya bila kufikiri. Alirudi viwanjani akiwa mmiliki wa timu, na kuanzia mwaka 1990 hadi 1996 magari yake yaliendeshwa na wengine, akiwemo Hut Stricklin. Agosti 1992 mwanawe mdogo, Clifford, alifariki dunia akiwa mazoezini katika uwanja wa Michigan, akiwa na umri wa miaka 27. Mwaka huohuo, miezi sita kabla ya msiba huo, Davey naye alikuwa ameshinda Daytona 500 na kujiunga na baba yake katika orodha ya washindi. Tarehe 12 Julai 1993 Davey alikuwa akitua na helikopta yake ndani ya uwanja wa Talladega, ikaanguka, na kesho yake akafariki akiwa na umri wa miaka 32. Red Farmer, yule rafiki wa tangu Miami, alikuwa ndani ya helikopta hiyo na akanusurika. Februari 1994 Neil Bonnett, ambaye pia alitoka katika kundi lao la Hueytown, alifariki kwenye mazoezi ya Daytona.

Kwa hiyo, ndani ya miaka sita Bobby Allison alipoteza kazi, sehemu ya kumbukumbu, watoto wawili wa kiume na rafiki. Ndoa yake na mkewe Judy, waliyokuwa wamefunga mwaka 1960, ilivunjika mwaka 1996. Lakini mwaka 2000 walirudiana, wakafunga ndoa upya, na wakaishi pamoja hadi Judy alipofariki mwaka 2015. Mwaka 2011 aliingizwa katika Jumba la Heshima la NASCAR, katika kundi moja na David Pearson na Lee Petty. Alifariki nyumbani kwake Mooresville, North Carolina, tarehe 9 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 86, wiki chache tu baada ya kupewa ushindi wake wa Bowman Gray.

Jambo moja linanigusa zaidi ya mengine yote. Video ya Daytona 1988 ingemwonyesha gari lake kutoka juu, kutoka pembeni na kutoka mbali. Aliyeweza kumweleza lilivyokuwa likionekana kutoka hatua chache nyuma, kona baada ya kona, ni Davey peke yake, na walipata miaka mitano tu ya kukaa na kuzungumza.

MwanaKizota alijibu:

Ndugu zangu, ninawashukuru kutoka moyoni. Niliyapima kama nilivyoshauriwa, kisha nikaamua kumsomea yote, kwa sababu baba mdogo ni mtu mzima na aliuliza swali la mtu mzima.

Alinisimamisha mara tatu. Mara ya kwanza ni kwenye umbali wa hadi Kibaigwa. Aliuhesabu mwenyewe kwa kutaja vituo, Gairo, Morogoro, Chalinze, kisha akavirudia kwa kurudi, na akakubali kuwa hesabu ni sahihi. Mara ya pili ni kwenye vifo vya wale vijana, akaniambia nikae kimya kidogo, nikakaa. Mara ya tatu ni kwenye maneno ya mwisho ya Mfuatiliaji. Aliniuliza Davey alikuwa nyuma kwa umbali gani, nikarudia kwamba ni magari mawili na nusu. Akasema, "Basi mtoto aliona kila kitu."

Maneno ya Muuguzi niliwasomea watu wa nyumbani baadaye, wakiwa peke yao, na shangazi alilia. Tumekubaliana kwamba maswali ya picha yamekwisha.

Dada yetu, aliyeolewa katika harusi ile, anaishi Manyoni na atakuja Jumamosi. Baba mdogo ameagiza kwamba safari hii video isiwashwe. Anataka akae naye chini ya mwarobaini, na aanzie asubuhi, kabla magari hayajafika kumchukua.